Trekta Lililooshwa Kila Jumamosi

Ndugu zangu, mkulima mmoja alikuwa na trekta lisilotembea, na kila Jumamosi aliliosha.

Mifano tunayotoa hapa mbele kwa kawaida haina majina. Husemwa mtu mmoja, jirani yake mmoja, basi. Leo nitawapa watu hawa majina, ingawa ni watu wa kubuni, kwa sababu mtu asiye na jina ni rahisi mno kumhukumu. Mkulima huyu tumwite Paulo Tluway. Nyumba yake tuiweke kwenye mteremko, upande wa Oldeani, mahali ambapo mtu akikohoa uani kwake, wa ng'ambo ya bonde humpa pole. Na trekta lake lilikuwa Fagasoni, lile dogo la kijivu, la petroli na si la dizeli. Tofauti hiyo ishikeni, kwa maana trekta la dizeli halina kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, na bila kabureta mimi leo sina la kuwaambia.

Trekta hilo alilinunua baba yake Paulo kwa mlowezi aliyekuwa anafunga virago. Mzee yule alilima nalo bonde zima mpaka nguvu zikamwisha, na alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alimwita mwanawe akamwambia neno moja tu kuhusu mali: "Fagasoni usiliache lishike kutu."

Paulo akalima nalo miaka mingi. Kisha bloki ya injini ikapasuka, ufa mrefu wa kupitisha kucha. Kila fundi aliyekuja kuliangalia alitikisa kichwa, akanywa chai, akaenda zake. Lakini Paulo alikuwa ameahidi. Akalijengea banda, akalifunika turubai, na kila Jumamosi alilifunua, akaliosha kwa maji na sabuni, akalifuta kwa kitambaa. Kabureta aliifungua, akaisafisha kwa petroli, akaipuliza vijitundu vyake, akaipaka mafuta, akairudisha mahali pake. Utando wa buibui haukupata nafasi pale.

Mkewe, Mama Paskalina, alikuwa amelibandika trekta lile jina la Bwana Mkubwa.

"Umeshamwogesha Bwana Mkubwa?"

"Nimemwogesha."

"Na leo amekuambia atatoka?"

"Akipata injini atatoka."

"Basi mwambie akitoka apitie kisimani, maana maji ya kupikia ameyaoga yote."

Mnacheka. Hata majirani walicheka, lakini kwa upole, kwa sababu walimpenda. Mwanamume anayetunza neno la marehemu baba yake hastahili kuchekwa sana.

Ng'ambo ya bonde alikaa mwanamke aliyeitwa Elizabeti Amsi. Yeye naye alikuwa na Fagasoni la kijivu, la petroli, pacha wa lile la Paulo, isipokuwa la kwake lilikuwa chafu, limepigwapigwa, bati la mbele limefungwa kwa waya, nalo lilifanya kazi. Elizabeti aliliendesha mwenyewe, kilemba kichwani na gauni limefungwa kwa kanga kiunoni. Akimaliza shamba lake, alishuka kulima mashamba ya bondeni ya wazee wasio na mtu: la mjane huyu, la kipofu yule. Hakuwatoza. Aliwaambia, "Wewe niandalie uji, nikija niukute umepoa."

Mashamba yale ya bondeni yana udongo mweusi. Nyote mnaujua. Ukiwa mkavu, plau inaingia. Mvua ikishanyesha vizuri, hata mbuzi anazama, sembuse trekta. Kwa hiyo ilibidi yalimwe kabla ya masika, au yasilimwe kabisa mwaka huo. Na ng'ombe wa kukokota plau, ugonjwa ulikuwa umewapitia mwaka uliotangulia, wakabaki wachache, tena dhaifu.

Sasa, mwaka huo, mawingu yakiwa yameshaanza kukaa juu ya mlima, kabureta ya Elizabeti ikapasuka kikombe chake cha petroli. Akaiziba kwa gundi ya chuma. Gundi ikaachia, petroli ikadondoka juu ya injini ya moto, na alinusurika kuungua yeye na trekta lake. Akazima, akashuka, akaliacha pale pale katikati ya shamba, plau ikiwa bado ardhini.

Alhamisi yake watu wa Jumuiya ya Mtakatifu Isidori walikutana kusali, kama kawaida yao. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mmoja, Gwandu Sulle. Akauliza nani ana nia ya kuombewa. Mmoja akataja mgonjwa. Mwingine akataja safari. Elizabeti akasema, "Mimi naomba Mungu anipatie kabureta ya Fagasoni, kabla mvua haijafunga bonde. Ee Bwana, twakuomba."

Na wote wakaitikia, "Utusikie."

Paulo naye aliitikia. Sauti yake ilisikika vizuri kabisa.

Ndugu zangu, mle ndani hapakuwa na mtu asiyejua ni wapi kabureta ile ilipo. Hata watoto waliokuwa wakicheza nje walijua. Lakini hakuna aliyemtazama Paulo. Mwenyekiti alitazama sakafu. Mama Paskalina alitazama rozari yake. Na Elizabeti alifumba macho. Mungu alisikia, hilo halina shaka. Shida ni kwamba Paulo naye alisikia.

Je, alikuwa mtu mbaya? Ngojeni kidogo.

Usiku ule hakulala vizuri, na kulipokucha alimfungua beberu wake, yule mkubwa aliyekuwa akimtunzia harusi ya binti yake, akampeleka mnadani akamuuza. Kisha akapanda basi la Arusha kwenda kumtafutia Elizabeti kabureta. Nasema tena, ili msimdharau: aliuza beberu wake kwa ajili ya jirani. Wangapi kati yetu wameuza hata kuku?

Katika duka la vipuri alimkuta kijana mwenye duka, mtu mwenye maneno mengi lakini mkweli. Paulo akamtajia aina ya trekta, mwaka wake, na petroli.

"Mzee wangu, hiyo umeniletea mtihani," kijana alisema. Akapekua rafu za nyuma, akaweka tatu juu ya meza. "Hii ya kwanza ndiyo yenyewe, lakini itazame tumbo lake. Imelika. Hii ya pili ni bandia. Shika hapa. Unaona inavyocheza? Hewa itapita pembeni, trekta litakuwa linawaka likitaka, lisipotaka halitaki. Na hii ya tatu ni mpya kabisa, lakini ni ya injini ya lori."

Ile ya tatu ilikuwa inang'aa kama kikombe cha misa. Paulo akaishika kwa mikono miwili.

"Itaingia?"

"Kuingia itaingia, ukichonga kibamba cha chuma cha kuunganishia. Mzee, koo lake ni pana. Injini yako ni ndogo. Utakuwa unamnywesha mtoto mchanga kwa ndoo."

"Lakini ni mpya."

"Mpya ni mpya. Ila ningekuwa wewe, ningetafuta mtu mwenye Fagasoni lililokufa, nimwombe ya kwake. Wapo huko kwenu. Wanayaweka kwenye mabanda, sijui wanayangojea nini."

Paulo akatoa fedha za beberu. Alilipa, akaifunga ile inayong'aa katika shuka, akaipakata njia nzima mpaka Karatu.

Sasa tumtazame vizuri hapa. Alijua matrekta. Alijua koo pana na koo jembamba ni nini. Kwa nini basi alichagua vile? Kwa sababu ile mpya ingeonekana. Kwa sababu hakuna mtu ambaye angeweza kusema Paulo Tluway hakutoa kitu. Na kwa sababu, akishatoa hiyo, banda lake lisingeguswa.

Jumapili zawadi hiyo ilitangazwa kanisani. Watu wakapiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Elizabeti alikuja kumshukuru nje ya kanisa, akaishika ile kabureta, akaigeuza, akaitazama mdomo wake, kisha akamtazama Paulo usoni kwa kitambo kidogo tu.

"Umejitesa sana, Baba Paskalina."

"Si kitu."

"Ni nzuri," alisema. Kisha akaongeza, "Ni kubwa."

Wakachonga kibamba, wakaifunga. Trekta likawaka. Likatoa moshi mweusi kama tanuri la matofali. Kwenye tambarare lilikwenda kwa kukohoa; plau ikizama tu ardhini, linazimika. Elizabeti akawasha tena. Likazimika tena. Petroli ya kulimia shamba zima ilikwisha kabla hajamaliza hata kona moja ya shamba la yule kipofu, na kipofu mwenyewe alikuwa amekaa kando na chungu chake cha uji, akisikiliza.

Wa pili aliyekuwa akisikiliza alikuwa Paulo. Bonde lile nimewaambia lilivyo. Akiwa bandani kwake aliisikia kila kikohozi. Kwa sikio lake alijua hapa petroli imezidi, hapa hewa imekosekana, hapa anajaribu kupunguza, hapa ameshuka. Kisha kimya. Kisha mkono wa chuma wa kuwashia injini ukizungushwa, mara nyingine tena. Yule mwanamke hakutuma mtu kulalamika. Hakuirudisha kabureta ya watu. Aliendelea tu kuwasha, na mawingu yakawa yameshuka mpaka shingoni mwa mlima.

Jumamosi ikafika. Mama Paskalina akaweka ndoo ya maji mlangoni pa banda kama siku zote, akamkuta mumewe amekwisha kulifunua trekta, amepiga magoti ubavuni mwake, na mkononi ana spana badala ya kitambaa.

"Leo humwogeshi?"

Paulo hakugeuka. "Huyu ni maiti, Mama Paskalina," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa naosha maiti, halafu naifunika, halafu naiosha tena. Maiti huoshwa mara moja."

Mama Paskalina aliiacha ndoo pale pale. Aliingia ndani akaleta bakuli, akachuchumaa karibu naye akalishika, na kila nati iliyotoka aliipokea humo isianguke. Kabureta ilipotoka, aliifunga kwa kanga yake mpya. Hakuambiwa afanye hivyo.

Paulo akashuka bondeni kwa miguu, akapanda ng'ambo ya pili, akamkuta Elizabeti amelala chini ya trekta lake, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Hodi hapo chini."

"Karibu. Sitoki, nina mafuta mpaka masikioni."

"Toka, mama. Nimekuletea yenyewe."

Elizabeti akatoka. Akaifungua kanga, akaona ni nini, na hakunyoosha mkono.

"Baba Paskalina, hapana. Hiyo ni ya mzee."

"Mzee alilima. Hakuosha." Paulo akakaa juu ya tairi. "Nikuulize. Pale jumuiyani, kwa nini hukuniomba mimi? Ulijua ninayo."

"Nilijua."

"Basi?"

Elizabeti alifuta mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Wewe ningekuomba, ungenipa kwa aibu, watu wakitazama. Halafu kila siku ukisikia trekta langu linapita, ungesikia la baba yako linalia. Sikutaka kulima na kilio hicho. Nikaona bora nimwombe Mungu, yeye ajue njia ya kuileta."

"Na ile kubwa uliona tangu kanisani kwamba haifai."

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa umeuza beberu, Baba Paskalina. Mtu aliyeuza beberu wake humpi maneno. Unampa muda."

Nataka mlishike neno hilo, ndugu zangu, nanyi wenye haraka ya kuwaonyesha wenzenu makosa yao. Mwanamke huyu alikuwa na mvua kichwani, na wazee wa bondeni wanamngojea, na bado alimpa jirani yake muda wa kuwa mtu mwema.

Wakaifunga pamoja. Haikuhitaji kibamba. Haikuhitaji kuchongwa. Matundu yalikutana na matundu, bolti zikaingia kwa vidole. Na kwa sababu ilikuwa imesafishwa kila Jumamosi kwa miaka, ikapulizwa na kupakwa mafuta, hapakuwa na kijitundu kilichoziba wala sindano iliyoshika kutu. Hakuna duka Arusha lenye kabureta ya Fagasoni iliyotunzwa namna ile. Kwa hiyo msiniambie Paulo alipoteza Jumamosi zake. Hakupoteza hata moja. Alikuwa akitunza, tena kwa upendo mkubwa. Ila hakujua anamtunzia nani.

Elizabeti akazungusha mkono wa kuwashia. Trekta likakohoa mara moja kama mzee anayetaka kusema jambo, likanyamaza, kisha likawaka. Likatulia. Moshi ukawa mwepesi, hauonekani. Na Paulo aliyekuwa amesimama pembeni akavua kofia yake. Ilikuwa sauti ile ile. Alikuwa hajaisikia tangu bloki ipasuke, sauti ya jioni za utoto wake, ya baba yake anapanda mteremko kurudi nyumbani, na mama yake anasema wekeni maji ya kuoga, baba yenu huyo.

Elizabeti alikuwa amekwisha panda kitini. Akapaza sauti juu ya mngurumo:

"Unashuka na mimi bondeni au unabaki hapo kama nguzo?"

"Nashuka."

"Basi shikilia vizuri. Huyu wa kwangu hajazoea kubeba wakubwa."

Walilima mchana kutwa na siku zilizofuata, wakipokezana usukani. Shamba la kipofu, shamba la mjane, udongo wote mweusi ukageuzwa. Uji waliukuta umepoa kama ilivyoagizwa. Na mvua ilipokuja ilikuta mbegu ziko chini.

Mngependa niishie hapo. Mfano mzuri, jirani amempa jirani, twende nyumbani. Lakini sijawaambia kilichotokea Alhamisi iliyofuata.

Jumuiya ya Mtakatifu Isidori ilikutana. Mzee Gwandu Sulle akauliza kama siku zote, nani ana nia ya kuombewa. Paulo Tluway akasimama. Watu wakadhani ataomba injini.

"Mimi leo sina ombi," alisema. "Nina tairi mbili za nyuma, bado nzima. Nina dinamo. Nina usukani, rejeta, na kiti. Viko bandani, visafi. Nimesimama niwaambie, ili mtu asije akamsumbua Mungu kwa kitu kilichoko kwangu."

Pakawa kimya. Kimya kile hakikuwa kizuri, ndugu zangu, kilikuwa kimya cha watu wanaohesabu mabanda yao. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ana mbegu ya mbaazi, ameihifadhi darini, ni nyingi kuliko shamba lake. Kisha mwingine akasema ana chumba, na mwanafunzi mmoja anayetembea kila siku kutoka ng'ambo ya pili ya mlima kuja shule angeweza kulala humo. Na Mzee Gwandu, mwenyekiti mwenyewe, akakohoa, akatazama tena sakafu, akasema kwamba alikuwa akijua mahali kabureta ilipo tangu siku ya kwanza, akanyamaza kwa sababu alikuwa na mambo mawili matatu ya kwake ambayo hakutaka yatajwe.

Wakasali baadaye. Walichelewa sana kusali siku hiyo.

Sasa ni zamu yetu. Sisi tuliokaa hapa tunajua kuitikia vizuri. Tunaitikia wagonjwa, tunaitikia wenye njaa, tunaitikia yatima, na sauti zetu zinapendeza. Na tukiguswa sana tunatoa, kwa kuwa sisi si watu wabaya. Lakini tunatoa nini? Mara nyingi tunakwenda mbali kutafuta kitu kipya kinachong'aa, tunakitoa mbele za watu, tunapigiwa makofi, na jirani anabaki anazungusha mkono wa kuwashia bondeni, akitushukuru kwa adabu. Kumbe tulichoombwa tunacho. Kinalingana na pengo lake tundu kwa tundu. Tumekiosha Jumamosi iliyopita.

Kwako wewe si chuma. Labda ni ujuzi uliofundishwa na mtu unayempenda, nawe umeufungia kwa heshima yake. Labda ni shamba la marehemu lisilolimwa, ili libaki kama alivyoliacha. Labda ni neno la kumsamehe ndugu yako, ambalo umelisafisha moyoni kwa miaka, liko tayari, halina kutu, isipokuwa hulitoi. Sikuambii ulitupe. Unalitunza vizuri, nami nakuheshimu kwa hilo. Nakuuliza tu unamtunzia nani.

Katika nafasi hii huwa tunapokea nia za waamini, mmoja anasoma na sisi tunaitikia. Leo nimemwomba msomaji wetu asome nia moja, kisha anyamaze kidogo kabla hatujaitikia. Katika kimya hicho usimtazame mtu. Tazama bandani kwako. Ukikuta kinachoombwa hakiko kwako, itikia kwa sauti yako yote.

Ukikuta kiko kwako, usiitikie. Toka taratibu ukalifungue banda lako. Hatutakuuliza unakwenda wapi.